Siku tano kwenye mteremko wa Petřín

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mpwa wangu aliniahidi treni. Tangu Krismasi alikuwa ananitumia picha za behewa linalovutwa kwa waya kupanda kilima cha Petřín, katikati ya Praha, na kila picha ina ujumbe wake: "Mjomba, magoti yako yasikutie hofu, utapandishwa umekaa." Nimefika ndipo anakiri kwamba treni ilifungwa Septemba mwaka jana ijengwe upya. Nimecheka hadi machozi. Mtu wa Lushoto abadilishe ndege mpaka Ulaya, kisha aambiwe kilima ndicho hicho, na miguu unayo.

Yeye anasoma uhandisi na anakaa kwenye mabweni ya wanafunzi ya Strahov, juu kabisa. Mimi nimepangiwa chumba Smíchov, chini. Kwa hiyo kati ya kitanda chake na changu kuna kilima, na tumekubaliana kwamba kila siku napanda taratibu peke yangu, yeye akitoka darasani ananishukia, tutakapokutana ndipo hapo. Kilele kiko mita 327 kutoka usawa wa bahari, wakati sisi Lushoto mjini tunalala karibu na 1,400. Lakini kilima hupimwa kutoka mguuni pake. Hapa ukianzia mto Vltava una kama mita 130 za kupanda, na goti langu la kushoto limeshazihesabu zote.

Kwenye ramani Petřín ni doa moja la kijani. Ukiingia ndani unagundua ni bustani kadhaa, kila moja ilikuwa na mwenyewe na ukuta wake: kabaila huyu, watawa wale, seminari, ukoo fulani. Leo zimefunguliana, na njia zinatoka moja hadi nyingine bila mtu kukuuliza unakwenda wapi. Nimekuwa bwana shamba miaka thelathini na miwili, na najua kugombania mpaka wa shamba kunavyochosha. Kwa hiyo jambo hili lilinivuta kuliko mnara wanaousifia.

Lango langu ni la bustani ya Kinský, hatua chache kutoka chumbani. Kwenye uwanja wa nje palikuwa na kifaru cha Kisovieti, namba 23, kimewekwa juu ya jukwaa kama kumbukumbu ya vita. Mwaka 1991 mwanafunzi wa sanaa, David Černý, alikwenda usiku akakipaka rangi ya waridi. Wakubwa wakakirudishia kijani, wabunge kadhaa wakaenda kukipaka waridi tena. Siku hizi pana chemchemi tu.

Rudolf Kinský alianza kutengeneza bustani hii miaka ya 1820, mahali palipokuwa na mizabibu. Jumba lake la kiangazi, jeupe, lenye nguzo mbele, lilikamilika 1831 na sasa ni makumbusho ya maisha ya vijijini. Bustani yenyewe ni ya mtindo wa Kiingereza, yaani imepandwa kwa gharama kubwa ili ionekane haikupandwa. Njia zinazunguka bila haraka, kuna vidimbwi, kuna maji yanayoanguka. Jiji liliinunua 1901 na wananchi wakaingia. Leo wameingia na mbwa, vigari vya watoto, na bia za kopo.

Juu ya dimbwi la pili nikakuta uzio wa mafundi, na nyuma yake kanisa la mbao la Malaika Mkuu Mikaeli. Hili halikujengwa hapa. Ni kanisa la karne ya 17 kutoka kijiji cha Medvedivci, Ukraine ya leo. Mwaka 1929, milima ile ya Karpati ilipokuwa bado sehemu ya Chekoslovakia, lilifunguliwa gogo kwa gogo likaletwa Praha kama zawadi. Likasimama hapa hadi 28 Oktoba 2020, siku ya sikukuu ya taifa, likashika moto. Ukarabati ulikuwa bado unaendelea nilipopita. Nilisogeza uso kwenye waya nikaangalia paa: vigae vya mbao, vidogo kama viganja, vimepangwa kama magamba ya samaki, kila kimoja kikifunika kichwa cha mwenzake ili maji yasipate pa kupenya. Bibi mmoja alisimama karibu nami, akafanya ishara ya msalaba kwa namna ya Waorthodoksi, kuanzia bega la kulia, akaondoka. Hatukusemeshana.

Mpwa wangu akanikuta hapo hapo. "Mjomba, saa nzima umefika hapa tu?"

Jumanne, 29 Aprili

Leo nilifuata mguu wa kilima hadi Újezd, mahali treni ilipokuwa ikianzia. Kituo kimezungushiwa mabati. Pembeni kuna ngazi pana za zege, na juu yake wanaume wa shaba wanashuka, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele ni mzima. Anayemfuata amepasuka kifuani, wa tatu hana mkono, na wa mwisho amebaki mguu na kipande cha mwili. Ni kazi ya Olbram Zoubek, ya mwaka 2002, kwa ajili ya waliodhulumiwa na utawala wa kikomunisti. Kwenye ukanda wa shaba ulioshuka katikati ya ngazi wameandika hesabu: 205,486 walihukumiwa, 248 walinyongwa, 4,500 walifia magerezani, 327 waliuawa wakijaribu kuvuka mpaka, 170,938 walikimbia nchi. Watoto wa shule walikuwa wanapiga picha wamesimama katikati ya sanamu. Nikakaa kwenye ngazi ya chini mpaka walipomaliza.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kanisa la Bikira Maria Mshindi, la Wakarmeli. Hapa nilikuwa na kazi niliyotumwa: mke wangu ni Mkatoliki wa damu, na tangu tufunge ndoa kuna picha ya Mtoto Yesu wa Praha juu ya kabati letu la vyombo. Nilidhani nitakuta sanamu kubwa. Ni ndogo, haifiki nusu mita, ni ya mbao iliyofunikwa nta, imewekwa ndani ya kioo kwenye altare ya pembeni, na dhahabu imeizunguka kiasi kwamba uso hauuoni mara moja. Ilitoka Hispania. Polyxena wa Lobkowicz aliwapa Wakarmeli mwaka 1628. Ina makabati mengi ya nguo kuliko bibi harusi: watu wa kila upande wa dunia huiletea majoho, moja linasemekana kuwa kazi ya mikono ya malkia Maria Theresa mwenyewe, na masista humbadilisha kufuata majira ya Kanisa. Leo alivaa jeupe, la Pasaka. Nilipiga simu ya video, mama watoto akasali kwa sauti kutoka jikoni, na mlinzi akaniashiria nipunguze. Nikapunguza. Aliyeko jikoni sikuweza kumpunguza.

Mtaa huo huo kuna mlango wa kawaida tu, wa nyumba ya kawaida, ambao ungeupita mara kumi. Ndani ni bustani ya Vrtba, ya karibu mwaka 1720. Mchoraji wake ni František Maxmilián Kaňka, na sanamu za mawe zilichongwa na Matyáš Bernard Braun. Tatizo la Kaňka lilikuwa dogo kwa kueleza na kubwa kwa kufanya: kiwanja chembamba, mteremko mkali. Alilimaliza kwa matuta. Nilisimama chini nikayaangalia, moja juu ya jingine, ngazi zikipanda katikati, nikasema kwa Kisambaa neno ambalo sitaliandika. Wazee wetu Usambara miaka ya 1950 waliyagomea matuta ya mkoloni, maana walilazimishwa kuchimba mashambani mwao wenyewe na mavuno hawakuyaona. Haya ya Vrtba ni matuta ya watu wasiolima. Lakini fundi alijua kazi: kila ukuta umeinamia kidogo kilimani, na ua uliokatwa kwa mkasi umefuata mstari bila kukosea hata inchi. Ukifika juu unaona kuba la kijani la kanisa la Mtakatifu Nikolasi na mapaa mekundu yote ya Malá Strana, na ukigeuka nyuma unaona miti ya Petřín imeinama juu ya ukuta.

Nilirudi kulala mapema.

Jumatano, 30 Aprili

Goti limekataa. Nikajipa nusu siku, na nusu siku hiyo nikaimaliza katika sehemu moja: bustani ya matunda ya seminari. Ukiniuliza, Petřín ni hapa.

Ni mteremko mzima wa miti ya matunda, zaidi ya 2,000, kati ya njia ya treni na ukuta wa monasteri ya Strahov. Zamani ilikuwa mizabibu. Kisha ikawa ya Wakarmeli, wale wale wa Mtoto Yesu, baadaye ikahamia kwa seminari ya mapadre, na jina la seminari likabaki hata baada ya mali kuwa ya umma. Cheri nyingi zilikuwa zimeshamwaga maua, nyasi zimekuwa nyeupe. Mapeasi yalikuwa yanamalizia. Matufaha ndiyo yalikuwa kwenye raha yake, ua jeupe lenye ukingo wa waridi, na nyuki wanavuma kiasi kwamba husikii magari ya chini.

Wasiojua Lushoto hawataelewa kwa nini nilikaa saa tatu nikiangalia miti ya peasi. Sisi ndio tunaowalisha Dar es Salaam mapeasi na plamu. Miti hii ililetwa kwetu na Wajerumani na wamisionari kutoka nchi kama hizi za baridi, na maisha yangu yote nimefundisha watu kuipogoa na kuibebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Sijawahi kuiona kwao. Ni kama umelea mtoto wa mtu, siku moja unapelekwa kijijini kwa babu zake unaona pua ile ile.

Nilikagua. Hapa mti mkubwa huachwa uwe mrefu, shina wazi mpaka juu ya kichwa cha mtu, ili nyasi zifyekwe chini yake. Kwetu tunaufupisha ili mama avune amesimama chini. Alama ya kubebesha unaiona wazi kwenye mapeasi ya zamani, uvimbe kama kiwiko, gome la chini na la juu halifanani hata baada ya miaka hamsini. Matawi yamekatwa vizuri, karibu na shina, kidonda kimefunga kama mdomo. Kuna mti mmoja uliokuwa umekufa nusu nzima, na hawakuung'oa, nadhani kwa ajili ya ndege.

Kisha nikaona kitu ambacho kingenifanya niandike ripoti: miti mingi imepinda mguuni. Shina linatoka ardhini likielekea bondeni, halafu linajirekebisha na kwenda juu, kama mtu aliyejikwaa akawahi kusimama. Hiyo ni dalili ya udongo unaotembea. Haporomoki mtu, haanguki ng'ombe, lakini mwaka hadi mwaka kilima kinateleza kiasi cha kucha.

Jioni nilimwambia mpwa wangu. Akanitazama kwa heshima ambayo sikuizoea, akasema ndiyo hadithi ya treni yenyewe. Ilianza 1891. Wakati ule haikuwa na umeme wala mvuke. Lilijazwa maji tangi la behewa la juu, likazidi uzito, likashuka, na kwa waya ule ule likamvuta mwenzake wa chini. Likifika chini linamwaga maji. Vita Kuu ya Kwanza ikaisimamisha. Ikarudi 1932, ya umeme, njia ikarefushwa hadi mita 511. Mwaka 1965 mteremko ukateleza ukaivunja njia, na kwa miaka ishirini hakuna aliyepanda amekaa, hadi 1985. "Kwa hiyo, Mjomba," akasema, "wewe si wa kwanza kutembea."

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nilitegemea maandamano, nikakuta foleni ya kubusiana.

Wacheki wana mila yao: tarehe moja Mei msichana abusiwe chini ya mcheri wenye maua, asije akakauka mwaka mzima. Na Petřín ndipo mahali pake, kwa sababu hapa kuna sanamu ya mshairi Karel Hynek Mácha, aliyefariki 1836 akiwa bado hajatimiza miaka 26, mwaka ule ule aliotoa shairi lake kuhusu mapenzi na mwezi wa Mei. Sanamu ilichongwa na Myslbek, ikawekwa 1912. Leo miguuni pake palijaa mashada na mishumaa, na watu kwa mamia: vijana, wazee wa miaka themanini wameshikana mikono, mama mwenye mtoto mgongoni akisubiri zamu. Kwa kuwa maua ya cheri yamekwisha, walikuwa wanatumia mti wowote wenye ua. Bwana shamba ndani yangu alitaka kusema huo ni mtufaha. Mpwa wangu akanibana mkono: "Mjomba, tafadhali." Nikaona pia kwamba alikuwa anaangalia simu yake mara nyingi kuliko kawaida, na kwamba kijana fulani mrefu alimpungia mkono kwa mbali akapotea haraka. Mimi ni mjomba, si polisi.

Tukapanda hadi kwenye Ukuta wa Njaa. Kaisari Karolo wa Nne aliujenga kati ya 1360 na 1362 kuulinda mji upande huu wa magharibi, na mawe yalichimbwa hapa hapa kilimani. Inasemekana hata jina Petřín limetoka kwenye neno la Kilatini la mwamba. Ukuta una unene wa karibu mita mbili na urefu wa kwenda juu wa mita nne na zaidi, na umekata mbuga nzima kwa meno yake ya mraba. Hadithi inayopendwa ni kwamba njaa ilipoingia 1361 kaisari aliuanzisha ili maskini wapate mkate kwa jasho. Wengine huongeza kwamba yeye mwenyewe alibeba mawe. Tarehe zinakataa: ukuta ulianza mwaka mmoja kabla ya njaa. Lakini nadhani waliokula mkate ule hawakuuliza nani alianza. Siku hizi Wacheki wakitaka kuusema mradi wa serikali usio na faida huuita ukuta wa njaa. Kwetu tungepata matumizi mengi ya neno hilo.

Kando ya ukuta ni kanisa la Mtakatifu Laurenti, linalotajwa tangu 1135, lenye minara miwili ya baroki ya karne ya 18. Tulilikuta limefungwa. Linazungukwa na vijumba vya Njia ya Msalaba vya miaka ya 1830, na watalii wengi huvipita wakidhani ni vibanda vya walinzi. Kwenye kituo cha sita, Veronika anapompangusa Yesu uso, tulikuta mtu ameacha kofia ya mtoto, imefuliwa na kukunjwa.

Mnara tuliupanda kwa kuwa tulikuwa hapo. Wanachama wa chama cha watalii wa Kicheki walikwenda Paris 1889, wakauona wa Eiffel, wakarudi na wivu. Mwaka 1891 wakajenga wao kwa miezi michache, chuma kitupu, wenye pande nane. Ngazi 299, za kupanda upande wake na za kushuka upande wake, kwa hiyo hakuna kupishana. Ulitikisika. Niliona kila kitu, ukiwemo uwanja wa Strahov karibu na mabweni yake, mkubwa kiasi kwamba waliwahi kukaa humo zaidi ya watu 200,000 kuangalia mazoezi ya viungo. Uwanja wa Mkapa unaingia humo mara tatu. Mpwa wangu anasema magugu yameota kwenye majukwaa. Nikashuka nimeshika chuma kwa mikono miwili.

Ijumaa, 2 Mei

Siku ya mwisho. Nilipanda na begi la mkate, mayai ya kuchemsha na mapeasi ya dukani, yaliyotoka Afrika Kusini.

Njia ya juu ya bustani ya matunda inakwenda kaskazini, na ukichepuka kulia unafika nyuma ya jumba la Lobkowicz, ubalozi wa Ujerumani. Kuna uzio wa chuma tu. Mwaka 1989 Wajerumani Mashariki waliokuja Praha walikuwa wanaruka uzio huu, wanapitisha watoto kwanza, kuingia bustanini na kuomba kwenda Magharibi. Wakawa maelfu, kwenye mahema, mvua ikinyesha, majani yote yamekuwa tope. Jioni ya 30 Septemba waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Magharibi, Hans-Dietrich Genscher, alitoka kwenye roshani kuwaambia wameruhusiwa, na sentensi yake haikumalizika, kelele ziliimeza. Magari yao madogo aina ya Trabant yalibaki mitaani hayana wenyewe. Leo bustanini kuna sanamu ya Trabant yenye miguu minne ya binadamu, ya David Černý, yule yule wa kifaru. Niliushika uzio kuona kama ningeuruka. Kwa umri ule, ndiyo.

Monasteri ya Strahov iko palepale ukipandisha. Ni ya shirika la Mtakatifu Norbert, ilianzishwa 1143, na mifupa ya Norbert mwenyewe ililetwa hapa 1627. Mwaka 1950 serikali iliwatimua watawa, wakarudi baada ya 1989. Sasa wana kiwanda chao cha bia mlangoni, na wale wa kwetu Sakarani, Wabenediktini, wana divai yao. Inaonekana mtawa akipewa mteremko hakosi cha kukuna koo.

Maktaba yao ina kumbi mbili na unaishia mlangoni, umezuiwa na kamba. Ukumbi wa Falsafa ulijengwa kufuata makabati: makabati ya mjozi yalitoka monasteri nyingine iliyofutwa, wakajenga chumba kuyatosha. Watu walikuwa wanasukumana kupiga picha dari. Mimi nilikwama kwenye kabati la ujiani. Humo mna vitabu 68 ambavyo si karatasi. Kila kimoja ni mti. Jalada ni mbao na gome la mti wenyewe, na ukikifungua ndani mna jani lake, ua, mzizi, tunda, hata mdudu anayeula. Vilitengenezwa miaka ya 1820. Nilifikiria wanafunzi wangu wa vijijini, niliokuwa nawachorea jani ubaoni kwa chaki kama lingekuwa karata. Mwanamke wa pale alinipita mara tatu, ya nne akaleta kiti.

Mpwa wangu alinitoa hapo saa kumi kasoro. Alitaka nisikie kengele za Loreta, mwendo wa dakika kumi. Ni kanisa lililojengwa kuanzia 1626 kuzunguka nyumba ndogo iliyonakili nyumba ya Bikira Maria ya Nazareti. Kengele 27 za mnarani zimepiga tangu miaka ya 1690, kila saa, wimbo wa Kicheki wa kumsalimu Maria mara elfu. Tulikimbia, yaani yeye alikimbia. Tulipofika uwanjani sauti ya mwisho ilikuwa inamalizika.

"Pole Mjomba. Ni goti."

"Goti halina haraka," nikasema. Tukakaa kwenye ukuta mfupi mbele ya malaika wadogo wa mawe, tukamenya mayai. Akaniuliza kama nilimwona yule kijana jana. Nikasema nimeona vijana wengi. Akasema anaitwa nani, anasoma nini, na kwamba mama yake hajui. Peasi lilikuwa gumu, limevunwa mapema mno, nikamwambia hivyo, naye akasema, "Mjomba, nakuongelea mtu." Nikafuta kisu kwenye suruali nikamwambia aendelee. Alikuwa bado anaendelea kengele ya kwanza ilipogonga.